Tunda la Mpungate na Usiku wa Korogwe

Mkoa wa Tanga umewahi kuufanya mmea wa Meksiko kuwa wake. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyojaza bonde la Pangani, yakaifuata reli kupitia Korogwe, hata mwaka 1964 Tanzania ikazalisha takriban tani 230,000 za singa. Kwa hiyo mtu wa Kerenge, Magoma au Handeni akiambiwa kwamba kuna mmea mwingine wa nchi ileile, mnene, wenye miiba, usiohofia kiangazi na unaozaa tunda la kuliwa, hana sababu ya kushangaa. Anachouliza ni kimoja: utanizalia nini, na lini?

Jibu analopewa kwa kawaida huwa fupi mno. Huambiwa kwamba kaktasi hupenda joto na ukavu, na huku kwetu joto na ukavu tunavyo, basi apande. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoamua kama mtu atavuna matunda au atabaki na ua la miiba asiloweza kuling'oa. Nadhani swali zima la kaktasi za matunda chini ya Usambara linasimama juu ya mambo matatu ambayo hayatajwi sana: baridi ya usiku, uchachu wa tunda mdomoni, na mikono ya kuudhibiti mmea ukishakubali udongo.

Tuanze na mmea wenyewe, kwa sababu watu huchanganya. Mpungate, ule wa matunda unaolimwa Meksiko, Sicily, Tunisia na nyanda za juu za Ethiopia, una mashina mapana na bapa yaliyoungana moja juu ya jingine. Majani yake halisi ni vijichipukizi vinavyodondoka mapema. Kile kinachoonekana kama jani nene ni shina, na hapa nitaliita bapa. Ukilikata, linatoa ute mwororo usio na rangi. Mnyaa na jamaa zake, ambao katika nyua nyingi za Handeni na Korogwe ndio uzio wa tangu enzi za mababu, ukiukata unatoa maziwa meupe makali, yanayochoma ngozi na kuweza kupofusha macho. Mimea hiyo haina udugu wowote na kaktasi hata kama kwa mbali inafanana nayo, na mtoto anapaswa kuifahamu tofauti hiyo kabla ya kujaribu kuonja chochote porini.

Na kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Kaktasi karibu zote za dunia ni za mabara ya Amerika, isipokuwa aina moja tu inayoota kwa asili barani Afrika, Rhipsalis baccifera, na aina hiyo inaning'inia kwenye matawi ya miti ya misitu ya Usambara. Haina miiba, haina mabapa. Ni nyuzi za kijani zinazoshuka chini zikiwa na vitunda vyeupe vidogo kama shanga, ambavyo ndege huvila na kuvigandisha kwenye gome la mti mwingine. Mtu hawezi kujaza hata kikombe cha matunda yake. Lakini anayeishi bondeni na kutazama milima hiyo anaweza kujua kwamba ukoo huu ulikwishafika kwake kabla ya Hindorf, na huenda kabla ya meli yoyote ya Wareno.

Sasa usiku. Mimea mingi, mahindi na maharage yakiwemo, hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana, huvuta hewa ya ukaa, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi juani. Mpungate, kama mkonge na nanasi, hufanya kinyume. Mchana hujifunga. Usiku, hewa inapopoa na unyevu kuongezeka, hufungua vitundu, huvuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kama tindikali. Asubuhi hufunga tena na kuitumia akiba hiyo kutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Kwa kila kilo ya maji inayotumika, mimea ya namna hii hutengeneza chakula mara tatu hadi tano zaidi ya mimea ya kawaida. Hapo ndipo sifa ya kustahimili ukame inapotoka.

Lakini mashine hiyo inafanya kazi usiku, na inataka usiku wenye ubaridi. Vipimo vilivyofanywa kwa miaka mingi juu ya mpungate wa matunda vinaonyesha kwamba hustawi vyema pale mchana unapokuwa karibu nyuzi joto 25 na usiku karibu 15. Usiku ukipanda kupita 20, uvutaji wa hewa ya ukaa hupungua. Ukikaribia 30, unakuwa mdogo sana. Ndiyo maana mashamba makubwa ya Meksiko yako kwenye uwanda wa mita 1,800 na zaidi juu ya bahari, na matunda maarufu ya Ethiopia hutoka Tigray, nchi ya milima. Wanaosema mpungate ni mmea wa joto husahau kwamba ni mmea wa mchana wa joto na usiku wa baridi.

Mji wa Korogwe uko karibu mita 300 tu juu ya usawa wa bahari. Katika Januari na Februari usiku wake ni mzito, wa kulala bila shuka. Mpungate uliopandwa Kerenge, wilayani Korogwe, katika miezi hiyo hautakufa, ila hautaongezeka kitu cha maana. Nafuu yake inakuja na kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku unapopoa na udongo ukiwa bado na unyevunyevu wa masika. Hiyo miezi michache ndiyo nafasi yake ya kujijaza, na mkulima wa bondeni anayetaka matunda lazima apange kazi zake zote kuizunguka: palizi na samadi mwishoni mwa masika, na maji kidogo mwishoni mwa kipupwe kama anayo.

Handeni mjini kuna karibu mita 700. Tofauti ya mita 400 kutoka Korogwe inashusha joto kwa nyuzi mbili hivi, na kwa mmea unaohesabu kila nyuzi ya usiku hilo si jambo dogo. Hata hivyo mahali ninapopaona panafaa zaidi katika ukanda huu mzima ni upande wa magharibi wa Usambara, kule milima inapougeukia uwanda wa Mkomazi na mvua ya bahari inapokuwa imekwisha kumwagika upande wa pili. Mitelemko iliyo chini ya Mtae ina jua la nyika na usiku wa milimani kwa pamoja. Mpungate ukipewa mahali pa kuchagua ungechagua hapo, na bonde la Kerenge lingekuja baadaye.

Udongo nao una lake. Mizizi ya mpungate haiendi mbali. Sehemu kubwa imo katika sentimita 30 za juu, ikingoja mvua hata iwe ndogo. Kwa sababu hiyo hauvumilii maji kutuama: wiki moja ya dimbwi katika udongo mweusi wa mfinyanzi inatosha kuozesha shina. Vilevile hauvumilii chumvi. Wengi hudhani mmea wa jangwani huvumilia chochote, wakaupanda kwenye vipande vya ardhi ya chumvichumvi ambavyo kilimo kingine kimevikataa, na wanashangaa unapodumaa. Udongo wa kichanga au wenye kokoto, wa mteremko, ndio wake. Bapa la kupanda hukatwa likiwa limekomaa, huachwa kivulini majuma mawili hadi manne mpaka jeraha likauke na kufanya gamba, kisha huchimbiwa karibu nusu yake ardhini. Mwenye haraka ya kupanda siku ileile ya kukata anapanda uozo. Matunda ya kwanza huja katika mwaka wa tatu au wa nne. Mavuno kamili huja miaka kadhaa baada ya hapo. Na kila bapa likiachiwa matunda kumi na tano au ishirini, yote yatakuwa madogo ya mbegu tupu. Wakulima wa Italia hupunguza hadi yabaki sita au tisa.

Je, basi bonde la chini halina kaktasi ya matunda inayolifaa? Linayo, na wauzaji wa Dar es Salaam na Arusha tayari wanaiuza: tunda la joka, lenye ganda jekundu la magamba na nyama nyeupe au nyekundu iliyojaa mbegu ndogo nyeusi. Mmea wake ni mtambazi wa misitu ya joto ya Amerika ya Kati. Wafaransa waliupeleka Vietnam katika karne ya 19, na leo nchi hiyo ni miongoni mwa wazalishaji wakuu duniani. Usiku wa joto hauusumbui kama unavyousumbua mpungate. Unachotaka ni mvua au maji zaidi, mbolea ya samadi, kivuli chepesi pale joto linapozidi nyuzi 38, na mahali pa kupanda juu. Hilo la mwisho watu wa Usambara Mashariki wanalijua vizuri, maana wamekuwa wakipandisha pilipili manga juu ya miti kwa miaka mingi. Nguzo ya zege au mti hai kama glirisidia, na juu yake duara la kuzuia matawi ili yaning'inie, ndiyo muundo mzima.

Ua lake ni la usiku mmoja. Hufunguka jioni, kubwa, jeupe, likiwa na harufu nzuri, na kufikia asubuhi ya jua limenyauka. Katika nchi yake huchavushwa na popo na nondo wakubwa. Baadhi ya aina haziwezi kujichavusha zenyewe, na mkulima aliyenunua miche ya aina moja tu kutoka kwa jirani anaweza kupata maua mengi na matunda machache bila kujua sababu. Dawa ni kupanda aina mbili au zaidi, na kutoka usiku au alfajiri na brashi laini kupakaza chavua ya ua moja kwenye jingine. Baada ya hapo tunda hukomaa kwa siku 30 hadi 35. Ganda hugeuka jekundu siku kadhaa mapema, na hapo ndipo wengi hukosea, maana tunda hili halizidi kuwa tamu likishakatwa. Lililochumwa siku ya 25 kwa ajili ya safari ndefu ya lori ni maji yenye mbegu, na mtu aliyelionja hilo dukani husema tunda la joka halina ladha. Mwambieni aonje lililoachwa juu ya mti mpaka lianze kulegea kidogo kwenye vidole.

Nimelipa tunda la joka nafasi kwa sababu linafaa, lakini penzi langu liko kwa mpungate, na utamu wake unastahili kuelezwa bila haraka.

Kwanza kuna namna ya kulifikia. Hata aina zinazoitwa zisizo na miiba, zilizochaguliwa na waboreshaji wa mimea kama Luther Burbank wa California zaidi ya miaka mia iliyopita, bado zina vishungi vya vimiba vidogo kuliko unywele juu ya ganda la tunda. Vikiingia kidoleni havionekani. Vikiingia ulimini ni mateso ya siku nzima. Wachumaji wenye uzoefu huenda alfajiri kukiwa na umande na upepo umetulia, ili vimiba vishikamane na visipeperuke machoni. Tunda hukatwa pamoja na kijipande cha bapa, halivutwi, maana likipasuka kitakoni linaoza kabla ya sokoni. Kisha husuguliwa kwa fagio la nyasi, au hubiringishwa mchangani, au hupitishwa juu ya mwali wa moto. Kumenya hakuna ugumu: unakata ncha mbili, unachana ganda kwa urefu mara moja, unalifunua kwa pande zote mbili, na nyama inabaki mkononi ikiwa nzima.

Ndani kuna rangi tatu kuu: nyeupe ya kijani, njano ya machungwa na nyekundu ya zambarau. Rangi hiyo nyekundu ni ya kundi lilelile la rangi za kiazi sukari chekundu, na mtu akila matunda mengi anaweza kuiona kwenye choo kidogo kesho yake akashtuka, lakini hakuna ubaya. Harufu ni ndogo, kitu kati ya tikiti maji na tango lililoiva. Utamu ni mwingi, kwa kawaida sukari asilimia 12 hadi 15, zaidi ya matikiti maji mengi. Vitamini C ni kati ya miligramu 20 na 40 kwa gramu 100. Halafu zinakuja mbegu, mia moja, mia mbili, pengine zaidi katika tunda moja, ngumu kama changarawe. Anayezitafuna huchoka, anayezimeza pamoja na nyama, kama wanavyofanya Watigray na Wasicily, hufurahia. Ila asizidishe. Matunda mengi kwa mkupuo mmoja, hasa kwa mtoto mwenye njaa, hufanya mbegu zijikusanye tumboni na kuziba choo, na katika nchi zinazokula sana mpungate madaktari wanalifahamu tatizo hilo.

Kinachokosekana ni uchachu, na hapa ndipo lipo jambo la pili nililosema linasahauliwa. Embe, chungwa, pasheni na nanasi, matunda yaliyoulea ulimi wa mtu wa Tanga, yana utamu unaogombana na ukali. Mpungate hauna ukali kabisa. Tindikali yake ni ndogo hata inakaribia kuwa sawa na ya maji. Mtu wa Muheza aliyekulia kwenye michungwa akiuonja mara ya kwanza ataona ni mtamu lakini umepooza. Namshauri aupoze kwenye mtungi usiku mzima, kisha aukamulie ndimu. Tunda lilelile linaamka.

Ndimu hiyo ina kazi nyingine nzito zaidi ya ladha. Juisi isiyo na uchachu ni malisho ya kila kijidudu, pamoja na bakteria wa sumu ya botuli wanaoota ndani ya chupa na makopo yaliyofungwa bila hewa. Kipimo cha usalama kinachofuatwa duniani ni pH chini ya 4.6, mpungate wenyewe uko karibu 6. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza juisi au jamu ya kuuza hana hiari: lazima atie tindikali. Bahati nzuri nyika yetu imejaa tindikali ya bure. Ukwaju upo Handeni, ubuyu upo, ndimu zipo kila ua. Juisi nyekundu ya mpungate iliyotiwa ukwaju ingekuwa kinywaji cha hapa hasa, chenye rangi ambayo hakuna unga wa dukani unaoifikia, na kikundi cha akina mama chenye sufuria kubwa, kipimajoto na karatasi za kupimia pH kinaweza kukianzisha. Rangi hiyo lakini huharibika kwa kuchemshwa muda mrefu, kwa hiyo moto uwe wa muda mfupi.

Sasa nifike kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Mpungate ukipenda mahali, hauombi ruhusa. Kila bapa linaloanguka linaota. Kila tunda linaloliwa na nyani, tembo au ndege linapeleka mbegu mbali. Australia iliupokea kama ua la nyumbani, na kufikia miaka ya 1920 ulikuwa umefunika eneo la takriban hekta milioni 24; ukashindwa tu baada ya kuletwa nondo wa Argentina, Cactoblastis, ambaye viwavi wake hula mabapa kwa ndani.

Karibu nasi zaidi ni Laikipia, Kenya. Huko, karibu na Doldol, mpungate wenye miiba uliletwa enzi za ukoloni kwa ajili ya uzio na mapambo. Leo umemeza sehemu kubwa za malisho ya Wamasai wa Mukogodo. Tembo wameuzoea na kuusambaza. Mbuzi na kondoo wenye njaa hula matunda pamoja na vimiba vyake. Midomo, ndimi na matumbo yao hujaa vidonda, macho hupofuka, na mnyama hufa polepole mbele ya mwenyewe. Kuanzia karibu mwaka 2014 shirika la CABI pamoja na taasisi ya utafiti ya KALRO waliachia huko wadudu wa kochinili, wa aina inayoshambulia mpungate ule tu, na sehemu nyingine akina mama wanatengeneza jamu na juisi kutokana na matunda ya mmea uleule unaowaua mbuzi wao. Napenda bidii yao. Lakini hesabu haidanganyi: jamu haiwezi kumaliza maelfu ya hekta, na biashara ya tunda ikishamiri inaweza kumpa mtu sababu ya kuuacha mmea uendelee.

Madagascar ilipata hasara ya upande wa pili. Mfaransa de Modave aliupeleka mpungate Fort Dauphin mwaka 1769 kwa ajili ya ngome. Kwa karne moja na nusu watu wa Androy, kusini kukavu kabisa kwa kisiwa, waliufanya kila kitu: ukuta wa kijiji, chakula cha kiangazi, maji na malisho ya ng'ombe. Mwaka 1924 kochinili ilifikishwa kisiwani, na ndani ya miaka michache mpungate huo ulikuwa umeoza. Ng'ombe wakafa, watu wakafa njaa, maelfu wakahama kutafuta vibarua katika mashamba ya wageni. Tigray nako, ambako wamisionari Wakatoliki waliuleta katikati ya karne ya 19 na ambako matunda yake huliwa Julai hadi Septemba, kabla nafaka hazijaiva, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kochinili ililetwa kwa nia ya kuzalisha rangi nyekundu ya biashara. Ikatoroka, ikaanza kula mashamba ya watu waliokuwa wanategemea tunda hilo kuvuka miezi ya njaa.

Ukiziweka habari hizi pamoja unaona kwamba Laikipia ilipata mmea usio na mikono ya kuukata, na Androy ikapata mikono iliyoushika mmea mmoja tu. Uzigua, nchi ya Wazigua wa Handeni, una kumbukumbu yake katika hili. Mwanahistoria James Giblin, aliyeandika juu ya mazingira ya kaskazini mashariki mwa Tanganyika kati ya 1840 na 1940, ameonyesha jinsi Wazigua walivyokuwa wakiizuia nyika kwa kufyeka, kuchoma na kukaa karibu karibu, na jinsi ukoloni na njaa vilivyowatawanya watu mpaka pori likarudi, na pamoja nalo mbung'o, na ng'ombe wakatoweka. Kwa hiyo katika nchi hii swali la nani atafyeka ni la zamani. Vijana wanapokwenda Dar es Salaam na mzee anabaki peke yake na ekari tatu, uzio wa mpungate wenye miiba unaweza kuwa pori ndani ya miaka kumi. Na mpungate mwitu tayari umetajwa miongoni mwa mimea vamizi katika eneo la Serengeti na Mara, kwa hiyo tusijidanganye kwamba hatari iko ng'ambo ya mpaka tu.

Kwa sababu hiyo ninasimamia jambo moja bila kulegeza: chini ya Usambara usipandwe mpungate wowote wenye miiba, hata kwa uzio, hata kama bapa limepatikana bure kwa jirani. Mnyaa unatosha kwa uzio. Aina isiyo na miiba ya matunda ni tofauti: ng'ombe na mbuzi huila yote mpaka shina, na mifugo hiyo ndiyo kinga yake bora dhidi ya kuenea. Tahadhari ibaki, maana miche inayoota kutoka kwenye mbegu inaweza kurudia miiba ya asili yake, na hiyo ing'olewe ikiwa bado ya urefu wa kidole.

Hapo linajitokeza soko ambalo nadhani ni la uhakika kuliko la matunda: ng'ombe wa Handeni. Bapa ni maji kwa karibu asilimia 90. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambalo mwaka 2017 lilitoa pamoja na kituo cha utafiti cha ICARDA kitabu kizima juu ya kilimo cha mpungate, limekadiria kwamba hekta moja inaweza kuhifadhi hadi tani 180 za maji ndani ya mimea, kiasi cha kuwatosha ng'ombe wakubwa watano. Mfugaji anayetembeza mifugo siku nzima kutafuta lambo hahitaji kuelezwa maana yake. Bapa peke yake huharisha ng'ombe, kwa hiyo hukatwakatwa na kuchanganywa na mabua ya mahindi au nyasi kavu, na protini yake ni ndogo, kwa hiyo lusina au mashudu yaongezwe. Katika hesabu hiyo tunda linakuwa nyongeza ya mfukoni, la kuuzwa barabarani Mkata na Segera wakati mabasi yanaposimama, wala familia haikai ikilingojea tunda hilo ili ile.

Soko la tunda lenyewe ni la kujengwa polepole. Mnunuzi wa Kariakoo hajui kulimenya, na muuzaji asiyemwonyesha hamuuzii mara ya pili. Nzi wa matunda, hasa yule wa Asia aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003 na kuwatia hasara wakulima wa maembe, hushambulia pia matunda ya kaktasi, na mtego wa nzi unapaswa kuwepo shambani tangu maua ya kwanza.

Kinachohitajika sasa ni jaribio dogo la wazi, na Tanga ina mahali pa kulifanyia. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Muheza, kimejenga jina lake juu ya mkonge; watu wake wanajua mimea inayopumua usiku kuliko wengine wote nchini. Wachukue aina tatu au nne za mpungate usio na miiba, kwa kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, zikaguliwe kochinili kabla ya kutoka karantini, kisha wazipande kwenye vipande vidogo Kerenge, Handeni na juu ya Mkomazi karibu na Mtae. Kila kipande kiwe na kipimajoto cha usiku. Tunda la joka liwekwe pembeni Kerenge kwa kulinganisha. Ndani ya miaka minne itajulikana ni wapi sukari inapita asilimia 13 na ni wapi mmea unatoa mabapa matupu ya ng'ombe, na kila kijiji kitaambiwa lake. Wazee na akina mama wa vijiji hivyo waitwe kuonja, matunda yakiwa yamepozwa, pamoja na ndimu mezani, na majibu yao yaandikwe kwenye daftari lilelile la vipimo vya joto.